Kichwa cha treni kinachonguruma kikienda mbele: kisikilize kabla ya kukitia mafuta

Swali: "Fundi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, sasa naishi Leicester, Uingereza. Kwenye duka la mitumba la hisani nilimnunulia mwanangu wa miaka tisa kichwa cha treni cha kuchezea cha zamani. Ni cheusi, kina magurudumu sita na matangi ubavuni, na kimeandikwa Tri-ang Hornby. Kilikuja na reli za duara na boksi lake la umeme. Kinatembea, lakini kikienda mbele kinanguruma kama mashine ya kusaga, na kikirudi nyuma kelele inapungua sana. Baada ya dakika tano hivi kinatoa harufu. Mume wangu alikipulizia ile dawa ya kopo ya kulegeza nati. Kikanyamaza siku moja, kisha kikazidi. Je, niitupe mota ninunue nyingine, au inatengenezeka?"

Marahaba, dada yangu. Usiitupe. Kwa maelezo yako naona inatengenezeka jioni moja hapo hapo mezani kwako, na huenda usinunue zaidi ya chupa ndogo ya spiriti na mafuta ya cherehani. Umenipa dalili mbili ambazo wengi hawazitaji: kwamba kelele ni ya upande mmoja, na kwamba dawa ya kopo iliinyamazisha siku moja tu. Hizo mbili zinanipa pa kuanzia.

Kwanza ukijue ulichonunua. Jina la Tri-ang Hornby lilianza kutumika 1965 na likaachwa mapema miaka ya 1970. Vichwa hivyo vilitengenezwa kiwandani Margate, Kent. Cheusi, magurudumu sita, matangi ubavuni: hicho kwa kila dalili ni kile wanachokiita Jinty, mfano wa kichwa cha kupangia mabehewa cha kampuni ya reli ya LMS. Vile vikubwa vyenyewe vilijengwa 422 kati ya 1924 na 1931. Ndani ya hiki kidogo kuna mota inayoitwa X04, au ndugu yake X03, na hapo una bahati. Mota za leo nyingi zimefungwa ndani ya kopo. Zikilia huna la kufanya ila kubadilisha. Hii yako iko wazi. Ukivua bodi, yaani gamba la nje la plastiki, unaona kila kitu: sumaku, amecha (ile sehemu inayozunguka) yenye vichwa vitatu vilivyozungushiwa waya, komyuteta ya shaba nyekundu inayoipokelea umeme, na brashi mbili za kaboni zinazoikumbatia. Aliyeibuni alitegemea mtu aweze kuifikia, aisafishe na airudishe kazini. Ndiyo sababu leo, zaidi ya nusu karne baadaye, bado inazunguka.

Sasa hiyo dawa ya kopo. Mumeo alikuwa na nia njema, na wengi hufanya vivyo hivyo. Shida ni kwamba sehemu kubwa ya ile dawa ni kiyeyusho. Ikiingia kwenye bushi, yaani vile vitundu vya shaba vinavyobeba shafti, inayeyusha grisi ya zamani na kuisukuma nje. Kwa saa chache kila kitu kinateleza. Kiyeyusho kikishakauka, bushi inabaki kavu kuliko mwanzo, na ile grisi iliyoyeyuka imekwishafika pasipotakiwa, kwenye komyuteta. Pale inakutana na unga wa kaboni unaodondoka kutoka kwenye brashi, vinachanganyika na kuwa uji mweusi mzito, na uji huo unapitisha umeme. Komyuteta ina vipande vitatu vya shaba vilivyotenganishwa na mifereji myembamba. Mifereji ikijaa uji huo, umeme unavuja kutoka kipande hadi kipande badala ya kupita kwenye waya za amecha. Mota inapata joto, cheche zinaongezeka, harufu inatoka. Katika mota za aina hii zilizopita mikononi mwangu, zilizoumizwa na mafuta ni nyingi kuliko zilizoumizwa na uzee. Kwa hiyo naomba, kuanzia sasa, pasiongezwe tone lolote mpaka tujue kelele inatoka wapi.

Na harufu nayo iangalie kwa pua yako mwenyewe. Kama ni kali kama hewa baada ya radi, hizo ni cheche za brashi, na hilo ni jambo la kusafisha. Kama ni ya kuungua, chungu, inayokaa puani hata baada ya kuzima, hiyo ni vanishi ya waya za amecha inaungua. Hapo zima mara moja na usiwashe tena mpaka umeipima kama nitakavyoeleza.

Tuanze kusikiliza. Geuza kichwa, tafuta skrubu inayoshika bodi kwa chini, ilegeze, kisha inua bodi taratibu upande mmoja kwanza, kwa kuwa kwa kawaida upande wa pili umeshikwa na ulimi wa plastiki ulioingia kwenye tundu. Ukilazimisha, ulimi unakatika, na plastiki ya umri ule haina huruma. Kiweke kichwa relini bila bodi, kiendeshe mbele na nyuma. Ikiwa kelele imepungua nusu nzima, basi sehemu ya tatizo ni bodi inayogusa mota au fremu na kuitangaza sauti kama ngoma. Bodi tupu ya plastiki ni ngoma kweli: mtikisiko mdogo wa ndani inautoa nje mkubwa. Tafuta alama ya kukwaruzwa upande wa ndani wa bodi, utaona penyewe palipogusa.

Kama kelele imebaki ile ile, isikilize vizuri aina yake. Mlio mwembamba mkali, kama mlango wa kabati usiotiwa mafuta, ni bushi kavu au brashi inayokwaruza komyuteta. Ngurumo nzito ya kusaga, kama ulivyoieleza wewe, mara nyingi ni gia. Tik-tik inayohesabika ni habari nyingine, na hapo mpe mwanao kazi: aweke doa la rangi kwenye gurudumu moja, ahesabu. Tik moja kwa kila mzunguko wa gurudumu maana yake kasoro iko kwenye ekseli: jino la gia limekatika, au ile mikono ya chuma inayounganisha magurudumu imepinda na inagonga. Tik nyingi kwa mzunguko mmoja wa gurudumu zinatoka kwenye mota, kwa kuwa mota inazunguka mara nyingi zaidi. Ikiwa gia ya ekseli ina meno 20 na ile gia ya skrubu ya mota ina uzi mmoja, mota inazunguka mara 20 gurudumu likizunguka mara moja.

Nimeitaja gia ya skrubu, na hii ndiyo kitovu cha swali lako. Mwisho wa shafti ya mota kuna kipande cha shaba ya njano chenye uzi kama wa skrubu. Uzi huo unalala kwenye meno ya gia ya ekseli na kuyasukuma. Kwa umbile lake, mota inaweza kuzungusha gurudumu lakini gurudumu haliwezi kuzungusha mota. Tafadhali mwambie mtoto asikisukume kichwa hicho kwa mkono relini na asizungushe magurudumu kwa kidole. Meno ya gia ndiyo yanayolipa. Ukitaka kukizungusha, zungusha amecha yenyewe kwa kidole, magurudumu yatafuata polepole.

Sasa fikiria skrubu inayoingia kwenye ubao: ikizunguka, inajivuta mbele. Gia ya skrubu nayo inataka kufanya hivyo hivyo. Kichwa kikienda mbele, shafti nzima ya mota inasukumwa kuelekea mwisho mmoja. Kikirudi nyuma, inasukumwa kuelekea mwisho mwingine. Kwa hiyo kelele ya upande mmoja tu karibu kila mara inasema: kuna kitu mwisho wa shafti. Ama shafti ina nafasi kubwa mno ya kwenda na kurudi kwenye bushi zake, ama bushi ya upande ule imeliwa, ama kikingo cha shafti pale kimekauka na kinasagana chuma kwa shaba. Kama tatizo lingekuwa uchafu wa magurudumu au bodi, lingelia kote kote.

Hakikisha kwa mkono. Shika gia ya skrubu kwa kucha mbili, ivute mbele, isukume nyuma, sambamba na shafti. Inatakiwa icheze kidogo sana, kiasi cha karatasi mbili tatu zilizolaliana. Ikicheza milimita nzima na unasikia "tak" inapofika mwisho, umempata mhusika.

Kisha toa mota kwenye fremu. Imeshikwa na skrubu nyuma. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa chochote: waya upi umekaa wapi, na hasa springi ya brashi ilivyolala. Hili la springi naomba ulichunguze kwa karibu. Ni springi moja yenye miguu miwili, inayobana brashi zote mbili kwa pamoja, na mguu mmoja umevishwa kibomba chembamba cha kuzuia umeme. Brashi moja inapata umeme kupitia fremu, nyingine kupitia waya. Kile kibomba ndicho kinachozuia springi kuziunganisha. Kikipotea, au springi ikirudishwa kinyume, umeme unapita kwenye springi badala ya mota: kichwa hakisogei, boksi linazimika, springi inapata moto na kulegea. Watu wengi wamehukumu mota kuwa imekufa kumbe ni kibomba hicho tu kimedondoka chini ya meza. Kama chako kimechakaa, maganda ya plastiki uliyovua kwenye waya mwembamba yanakitosha.

Mota ikiwa mkononi, iwashe kwa betri ndogo ya mraba ya volti 9, ncha moja kwenye brashi ya waya, nyingine kwenye fremu ya mota. Ikizunguka peke yake kimya, usifurahi bado, maana hakuna kinachoisukuma. Chukua kijiti cha meno, ikiwa inazunguka igusishe ncha yake katikati ya mwisho wa shafti, ukisukuma kidogo. Kisha fanya hivyo mwisho wa pili, upande wa gia. Ukisukuma upande mmoja na ile ngurumo ikarudi, umeiga kile kinachotokea relini kichwa kikienda mbele, na sasa unajua bushi ipi inahitaji kazi. Kipimo hiki kidogo kimeniokolea saa nyingi sana.

Ikiwa kwa betri inazunguka vizuri na kimya hata ukiisukuma, basi ngurumo iko kwenye kukutana kwa gia, na nitalifikia hilo.

Kusafisha ndiko kazi yenyewe, usikuharakishe. Toa springi, toa brashi mbili, uziweke kushoto na kulia kama zilivyokuwa, kwani kila moja imekwishajichonga umbo la komyuteta kwa upande wake. Angalia kaboni: kama imelika mpaka chuma cha kishikio kinakaribia kugusa shaba, nunua mpya. Brashi na springi za X04 bado zinauzwa Uingereza, na ni za bei ndogo. Fungua dirisha, chovya kijiti cha pamba cha masikio kwenye spiriti safi ya aisopropili, kigusishe kwenye komyuteta huku ukizungusha amecha kwa kidole. Pamba itatoka nyeusi tii. Badilisha, rudia, badilisha, mpaka itoke safi. Chini ya weusi ule utaona shaba nyekundu inayong'aa kama senti mpya, pengine na mstari mwembamba wa hudhurungi pale brashi inapopita. Mstari huo si ubaya.

Baada ya hapo ndiyo mifereji mitatu. Chonga kijiti cha meno kiwe kama patasi ndogo, kipitishe kwenye kila mfereji. Usitumie sindano wala ncha ya kisu. Chuma kinainua ukingo wa shaba, na ukingo huo utaikwaruza brashi kila mzunguko, ukawa umejitengenezea kelele mpya. Vivyo hivyo msasa usiukaribishe. Doa likigoma kutoka, kifutio cha penseli kinatosha, kisha pamba na spiriti tena. Vipande vya uji utakavyovitoa kwenye mifereji hiyo vinaweza kuwa vidogo kama punje za ufuta, lakini ndivyo vilivyokuwa vinapika mota yako.

Kama una multimita, kile kifaa cha mkononi cha kupimia umeme, pima ukinzani kati ya vipande vya komyuteta viwili viwili: cha kwanza na cha pili, cha pili na cha tatu, cha tatu na cha kwanza. Namba tatu zinatakiwa zilingane kwa karibu. Moja ikiwa chini mno kuliko wenzake au isiposoma kabisa, waya wa amecha umeungua au umekatika, na hapo tu ndipo ninapokubali neno "mota nyingine". Kabla ya kukata tamaa, angalia ule waya mwembamba ulivyolehemewa kwenye ulimi wa komyuteta; mara nyingine umebanduka tu pale na unaweza kulehemewa upya.

Bushi nazo zisafishwe kwa spiriti ili dawa ya kopo itoke yote. Kisha iache mota ikauke vizuri, robo saa au zaidi, kabla ya kuiunganisha na umeme wowote. Spiriti inashika moto na brashi zinatoa cheche. Hili si la kupuuza ukiwa na mtoto pembeni.

Sasa mafuta, na ni haya tu. Mafuta ya cherehani, yale mepesi yasiyo na rangi. Chovya ncha ya sindano, itoke na tone dogo lisilodondoka lenyewe, liguse bushi ya kwanza. Lingine bushi ya pili. Ukiona kipande kidogo cha felti kando ya bushi, hicho ni ghala la mafuta: kipe matone mawili kinywe, kitaitunza bushi muda mrefu. Kwenye komyuteta na brashi, hakuna tone. Bushi iliyo upande wa komyuteta ipe kidogo zaidi ya kidogo, maana ikifurika, mafuta yatatembea kwenye shafti mpaka shabani.

Kuhusu ule mchezo wa shafti. Njia ya kiwandani ingekuwa kutoa amecha na kuongeza wosha. Naomba usifanye hivyo, na sababu inaniuma mpaka leo. Mota ya kwanza ya aina hii niliyofungua, niliitoa sumaku ili nisafishe vizuri nyuma yake, nikaiacha mezani usiku kucha. Sumaku za zamani za aloi hushikiliwa nguvu zake na chuma kinachozizunguka, na amecha ni sehemu ya chuma hicho. Ukizitenga na chuma hicho, zinapungua nguvu palepale, na ukizirudisha hazirudi kama zilivyokuwa. Kichwa kile kilikuwa kinavuta mabehewa manne. Baada ya hapo kikawa kinakimbia kama kimefukuzwa kikiwa peke yake, na kikifungiwa behewa mbili kinapata joto na kusimama. Dalili ya sumaku iliyochoka ni hiyo hiyo: mwendo wa kasi kuliko kawaida, nguvu kidogo, joto jingi, na umeme unaokaribia ampea nzima badala ya chini ya nusu. Kikiwa cha mwanao kina dalili hizo hata baada ya kusafishwa, kuna mafundi huko wanaochaji sumaku upya kwa mashine, na wengine hubadilisha kwa sumaku ndogo za neodimiamu. Lakini yako ikiwa bado ina nguvu, isiguswe.

Badala ya kutoa amecha, tengeneza wosha yenye mdomo. Chukua mfuniko laini wa plastiki, wa mtindi kwa mfano. Kata kiduara chenye upana wa nusu sentimita hivi, toboa katikati tundu la kutoshea shafti, kisha kata mdomo kutoka ukingoni hadi tunduni, mwembamba kidogo kuliko shafti. Ibonyeze kwa kibano iingie kwenye shafti katikati ya gia ya skrubu na bushi. Itabana "tap" na kukaa. Vuta na usukume shafti tena. Bado inacheza sana, ongeza ya pili. Ikigoma kuzunguka kwa uhuru, umezidisha, toa moja. Lazima ibaki na ule mchezo mdogo wa karatasi mbili, kwa sababu chuma kikipata joto kinatanuka. Tone moja la sindano kwenye wosha, basi.

Fremu isiyo na mota igeuze, uchunguze ekseli kwa tochi. Nina hakika kiasi kwamba utakuta nywele na nyuzi za zulia zimejisokota ndani ya magurudumu. Treni za watoto wa Kiingereza za enzi zile zimekimbia sakafuni zaidi ya mezani. Zitoe kwa kibano, kata kwa wembe pale zilipokaza. Meno ya gia yasugue kwa mswaki wa zamani na spiriti. Magurudumu yenyewe, bila mota kuyafunga, sasa yanazunguka huru: sukuma fremu taratibu relini kwa kidole. Yakikwama mahali pamoja kila mzunguko, mkono wa pembeni umepinda au gurudumu limeteleza kwenye ekseli yake. Mkono unanyooshwa, gurudumu lililoteleza ni kazi nyingine, niandikie ukilikuta.

Ukirudisha mota, usikaze skrubu ya nyuma mpaka mwisho kwa nguvu zako zote. Jinsi inavyokazwa ndivyo gia ya skrubu inavyozama kwenye meno ya ekseli. Ikizama mno, inasaga na kunguruma. Ikiwa juu mno, inaruka meno. Weka kipande cha karatasi nyembamba kati ya gia mbili, kaza skrubu mpaka gia ziibane karatasi, kisha zungusha amecha karatasi itoke. Nafasi iliyoacha ndiyo inayotakiwa. Kama skrubu haishiki vizuri kwa kimo hicho, kata kipande cha kadi nyembamba ukiweke chini ya kishikio cha mota upande wa nyuma kama kipashio. Hapa ukiwa na subira utasikia mabadiliko kwa sikio: karatasi moja ya ziada inaweza kugeuza ngurumo kuwa uvumi wa kawaida. Uvumi, maana gia za shaba hazinyamazi kabisa, na X04 haijawahi kuwa mota ya kimya. Usitafute ukimya, tafuta sauti moja isiyobadilika mbele na nyuma. Kisha grisi nyeupe kidogo, kiasi cha punje ya mtama, kwenye meno ya gia.

Boksi la umeme nalo lina neno. Kichwa hiki kinataka umeme wa moja kwa moja usiozidi volti 12, na huo haumdhuru mtoto. Lakini upande wa pili wa boksi unaingia kwenye soketi ya ukutani, volti 230, na boksi la miaka ile linaweza kuwa na waya wenye ganda lililokauka na kupasuka. Angalia pale waya unapoingia kwenye boksi na kwenye plagi. Ukiona ufa wowote, au plagi ya zamani isiyo na fyuzi inayofaa, achana nalo, nunua kontrola mpya. Hata kama waya ni mzima, lipeleke kwa fundi umeme alipime kabla mtoto hajalishika tena. Halafu baadhi ya maboksi ya zamani yana swichi ya mwendo wa polepole inayokata nusu ya mawimbi ya umeme. Ukiiwasha, mota inapokea misukumo 50 kwa sekunde na inatoa mlio mzito wa kutetemeka hata ikiwa nzima. Kama yako ina swichi hiyo, ijaribu ikiwa imezimwa. Na ikitokea rafiki wa mwanao ana reli za mfumo wa kidijitali, kichwa hiki kisiwekwe kule. Reli hizo zina umeme wa kubadilika muda wote. Kitalia kikiwa kimesimama, na amecha yake inaweza kuungua bila hata kutembea.

Ukishakusanya kila kitu, kabla ya kurudisha bodi, kiendeshe kwenye duara bila mabehewa kwa mwendo wa wastani: nusu saa mbele, nusu saa nyuma, ukiigusa mota kila baada ya dakika tano. Vuguvugu ni sawa. Ukishindwa kuacha kidole juu yake, zima, kipoe, urudi kwenye komyuteta na pamba yako, maana kaboni iliyobaki hutoka kwenye saa hiyo ya kwanza na kuchafua tena. Brashi nazo zinajikalia upya kwenye shaba iliyosafishwa, utasikia sauti ikilainika kidogo kidogo. Kama baada ya saa hiyo bado kinanguruma mbele peke yake, nipimie mambo mawili: umeweka wosha ngapi, na ukisukuma kwa kijiti ni mwisho upi wa shafti unaolia. Niandikie hayo, na picha ya bushi ya upande huo ukiwa umeimulika kwa tochi, nikuambie kama imeliwa kiasi cha kubadilishwa.